Ameshiba au Ana Mimba?

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Ndugu msomaji, sijui kama wahenga hao waliwahi kufuga panya, lakini methali hiyo imenifaa mimi kuliko ilivyomfaa mkulima. Mkulima asiyesoma mawingu hulowa tu. Mfugaji wa panya asiyejua dalili huamka asubuhi akapata panya kumi na wawili mahali alipolaza wawili.

Najua wengi wenu mmeshakunja nyuso. Kwetu panya ni mwizi wa mahindi, na malipo yake ni mtego au sumu. Nyanya alipowaona wangu aliniuliza, "Ala! Wenzako wanawaua, wewe unawapa ugali?" Lakini hawa si wale wa ghalani. Ni panya weupe wenye macho mekundu, wa ukoo ule unaofugwa katika maabara. Asili yao ni panya wa kahawia, na mojawapo ya koo zao mashuhuri ilianza kukuzwa katika Taasisi ya Wistar, mjini Philadelphia, Marekani, mwaka wa 1906. Ni wapole, huja wakiitwa, na husinzia mkononi ukiwapapasa.

Mjomba aliniletea wawili wakiwa wadogo wa majuma manne. Aliyemuuzia aliapa kwamba wote ni majike, nami nikawaita Malkia na Malaika. Mama yangu ni muuzaji wa nafaka sokoni, na magunia yake hukaa chumba cha nyuma. Hebu fikiria basi jinsi alivyompokea panya nyumbani mwake! Alikubali shingo upande, tena kwa sharti: "Wawili tu. Siku nitakayomwona wa tatu, wote watoke hapa."

Majuma mawili baadaye, jioni moja baada ya chajio, kitinda mimba wetu alikuja mbio. "Njooni muone, wanapigana!" Kaka akatupa jicho, akasema, "Aah, wanacheza tu." Nilipochungulia niliona kwamba hawakuwa wakipigana wala kucheza. Malaika alikuwa akirukaruka mbele, anakimbia kidogo, anasimama ghafla, huku masikio yake yakitetemeka upesi upesi kama yaliyoguswa na umeme. Malkia alikuwa nyuma yake. Kila alipomgusa kiuno, Malaika alibonyeza mgongo na kuinua sehemu ya nyuma. Malkia akapanda kwa nukta chache tu, akashuka, akajilamba, kisha akaanza upya. Nikamwinua Malkia nimkague vizuri. Lo! Malkia alikuwa Mfalme. Korodani za panya dume, akishafikisha majuma matano au sita, haziwezi kufichika.

Usiku ule ule nilimhamishia Malkia katika sanduku lake la mbao lenye wavu, nikatia alama kwenye kalenda. Panya huweza kushika mimba akiwa na majuma matano au sita tu, ingawa mwili wake mwenyewe bado unakua. Jambo lilikuwa limeshatendeka. Swali lililobaki lilikuwa moja: imeshika au haikushika?

Hapa ndipo hesabu inapoingia. Jike asiye na mimba humtaka dume kila baada ya siku 4 au 5, aghalabu usiku, na hali hiyo hudumu kwa muda wa saa 12 hivi. Kwa hiyo nilimkesha Malaika usiku wa nne, wa tano na wa sita. Nilimgusa mgongo taratibu. Hakuruka, hakutetemesha masikio, hakuinua kiuno. Alinitazama tu kama mtu aliyeamshwa bure. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza. Hata hivyo sikusherehekea wala kulia, kwa sababu panya huweza kupata mimba ya uongo: akapandwa, mwili ukadhani umeshika, akakaa karibu majuma mawili bila kumtaka dume, kumbe tumboni hamna kitu.

Kufikia siku ya 14, tumbo lilianza kutokeza pande zote mbili, ukimtazama kutoka juu ukadhani ni peasi. Chuchu zake, ambazo ni 12 katika safu mbili, zilionekana waziwazi kati ya manyoya. Kaka hakuwa ameshawishika. "Huyo ameshiba ugali tu," akasema. Nikamjibu kwamba shibe huja na kwenda, lakini tumbo hili kesho ni kubwa kuliko la leo. Tena sikumbinya ili kuhesabu watoto kama wanavyofanya wengine. Kumbinya ni kumwumiza yeye na walio ndani, na kalenda ilikuwa ikinieleza yote niliyohitaji.

Mimba ya panya huchukua siku 21 hadi 23. Nilikuwa nimebakiwa na juma moja, na sharti la Mama lilikuwa likinikaba koo. Kaka alinishauri ninyamaze, ati watakapozaliwa niwafiche chini ya kitanda. Lakini mficha uchi hazai. Nilimwendea Mama alipokuwa akichambua maharagwe, nikaketi nikamsaidia kwanza. Kisha nikasema.

"Mama, Malaika ana mimba. Atazaa Jumatano, au siku moja mbele au nyuma."

"Nani amekwambia?"

"Siku, Mama. Nimezihesabu."

Alinyamaza kitambo. "Na magunia yangu je?"

Nikamtolea karatasi. Nilikuwa nimeandika kwamba dume ametengwa tangu usiku wa kwanza na atabaki hivyo, kwa maana panya huweza kushika mimba nyingine siku ile ile anayozaa, akawa ananyonyesha hawa huku wengine wanakuja. Nilikuwa nimeandika pia kwamba watoto huachishwa kunyonya kuanzia juma la tatu, na kwamba kabla ya juma la tano ni lazima madume watengwe na majike, hata kama ni ndugu. Wasipotengwa, majike watano tu wakizaa kumi kumi, ni hamsini! Mwisho niliandika nyumba ambazo wazazi wenyewe walikuwa wamekubali kuwapokea, pamoja na maabara ya shule.

Mama anapenda hesabu. Alisoma karatasi yote, akaikunja akaitia kwenye mkoba wa fedha zake. "Majuma matano," akasema. "Baada ya hapo nataka kuona wawili."

Malaika alizaa usiku wa siku ya 22. Siku mbili kabla alikuwa amechana magazeti niliyompa na kujenga kiota kirefu pembeni. Nilimwongezea yai la kuchemsha na omena kidogo, nikahakikisha maji hayakauki. Watoto walikuwa tisa, wekundu, vipofu, bila unywele, na maziwa yakionekana meupe tumboni kupitia ngozi. Mmoja hakuishi. Siku ya tisa nilianza kuwatenganisha kwa macho: majike walionyesha nukta za chuchu kabla manyoya hayajazifunika, na madume walikuwa na nafasi pana zaidi kati ya kiungo cha uzazi na tundu la haja kubwa. Kufikia juma la pili macho yalifunguka, na nyumba ikawa haina usingizi.

Juma la tano lilipotimia, Malkia alikwenda maabara pamoja na wanawe wawili wa kiume ili asikae mpweke, kwa kuwa panya hapendi upweke. Watano walichukuliwa na wale waliokuwa wameahidi. Nyumbani akabaki Malaika na binti yake mmoja. Mama alikuja na tochi, akamulika sandukuni, akahesabu kwa kidole.

"Wawili. Na una hakika wote ni majike?"

"Haki, Mama. Safari hii nimewakagua mwenyewe."

Wanafunzi wenzangu, iwe unafuga panya, sungura au mbuzi, nakusihi usingoje tumbo likuambie. Mkague mnyama wako siku ile ile anapoingia nyumbani, hata kama aliyemuuza ameapa kwa mbingu na ardhi. Ukiona amepandwa, andika tarehe. Hesabu siku, tazama dalili, kisha umwambie mwenye nyumba mapema, kabla watoto hawajalia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa panya hujengwa kwa siku 22 tu.