Kamera Yenye Jicho Refu

Macho ya mwanadamu hayashibi kutazama. Mtu akiwa bondeni hutamani kuona yaliyo kileleni, na afikapo kileleni hutamani kuona yaliyo ng'ambo. Kwa ajili ya tamaa hiyo watu walibuni darubini, na baadaye wakabuni kamera. Na katika siku zetu vyombo hivyo viwili vimeoana, vikazaa kamera ndogo iingiayo mfukoni ambayo huweza kuvuta kitu cha mbali kikaonekana kama kipo mlangoni. Miaka kadhaa sasa nimekuwa na kamera ya namna hiyo. Nataka kukueleza, msomaji kijana, wema wake na upungufu wake, maana huenda siku moja nawe ukawa na chombo kama hicho mkononi, na chombo chochote humtumikia vizuri zaidi yule akijuaye.

Makazi yangu ni Suneka, mji mdogo wa soko katika nchi ya Wagusii, kando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Migori. Nchi yetu ni ya vilima na mabonde. Ukisimama mlangoni pa nyumba waweza kuona mashamba ya jirani wa ng'ambo, migomba yake, ng'ombe wake na moshi wa jiko lake. Lakini ukitaka kumfikia utateremka mpaka kijitoni, uvuke, kisha upande tena. Mahali pa namna hiyo jicho hufika upesi na mguu huchelewa. Hapana shaka kamera yenye jicho refu ina kazi nyingi hapa kuliko katika nchi tambarare.

Kwanza fahamu jinsi ivutavyo. Ndani ya lenzi mna vioo kadhaa vilivyopangwa kwa safu, na baadhi yake husogea mbele na nyuma. Visogeapo, urefu wa lenzi kwa hesabu ya nuru hubadilika. Katika kamera yangu urefu huo huanza kwenye milimita 4.3 ukafika milimita 172, yaani mara 40. Huku ndiko kuvuta kwa kweli, kwa kuwa nuru yenyewe hukunjwa na vioo. Kuna kuvuta kwa namna nyingine, ambako kamera huchukua kipande cha katikati ya picha na kukitanua kwa hesabu tu. Kuvuta huku hakuongezi habari yoyote. Ni kama kulitandaza donge la ugali lijaze sinia: unga ni ule ule. Muuzaji akikutajia namba kubwa, muulize kwanza ni ya lenzi au ni ya hesabu.

Nguvu ya lenzi utaiona vizuri usiku wa mwezi. Mwezi uko mbali nasi kiasi cha kilomita 384,000, na picha ya simu ya kawaida humwonyesha kama punje ya mchele. Kwa kamera yangu mwezi huchukua kama theluthi moja ya kimo cha picha, na mashimo yaliyo usoni pake huonekana wazi, hasa siku ambazo haujawa mpevu, kwa sababu jua huupiga upande na kila shimo hutupa kivuli chake. Nimewaonyesha watoto wa jirani picha hizo, wakanyamaza kwa muda, jambo ambalo si desturi yao.

Lakini kila kizuri kina gharama yake. Udogo wa mwili wa kamera hii umenunuliwa kwa udogo wa kigae kinachopokea nuru. Kigae hicho kina upana wa milimita 6 hivi na kimo cha milimita 4 na nusu. Kigae cha kamera kubwa za mafundi ni milimita 36 kwa 24, yaani eneo lake ni kama mara 30 ya hicho changu. Kigae kidogo ni kama kopo dogo uliloweka uani wakati wa mvua: maji yatakayoingia ni kidogo, hata mvua ikiwa kubwa. Zaidi ya hayo, lenzi hii ikivutwa mpaka mwisho, mlango wake wa nuru huwa mwembamba kwa kulinganisha na urefu wake, na nuru ifikayo kwenye kigae hubaki kama robo ya ile ya mwanzo. Kwa hiyo mchana wa jua picha zake hupendeza. Magharibi yaingiapo huanza kuwa na chembechembe kama za mchanga. Na ndani ya nyumba yenye taa moja heri kuiacha mfukoni.

Upungufu wa pili ni mtetemeko. Kivutacho kitu karibu huvuta na tetemeko la mkono. Pumzi tu ya mpigaji yatosha kuitia picha ukungu. Ndani ya kamera mna kioo kidogo kinachosogea kinyume cha mtetemeko ili kuusawazisha, nacho husaidia sana. Walakini hakiwezi kumtuliza ndege arukaye wala mtoto akimbiaye. Hivyo jifunze kuegemea nguzo au mti, ubane viwiko mbavuni, na ubonyeze kwa upole.

Upungufu wa tatu twaufahamu sana sisi wa huku. Lenzi hii hutoka na kuingia kama kichwa cha kobe, na kila itokapo huvuta hewa ndani. Katika miezi ya kiangazi barabara zetu za udongo hutimua vumbi jekundu, na vumbi hilo likiingia hukaa juu ya kigae, likaonekana katika kila picha kama doa la kijivu angani. Mwenye kamera hawezi kulifuta mwenyewe, maana lenzi haifunguki. Mvua nazo huja na unyevu, na unyevu ukikaa sana katika vioo huotesha kuvu. Yangu huiweka katika mfuko mkavu wenye kifuniko, wala siifungui kando ya barabara gari lipitapo.

Pengine utauliza: kwa nini kuhangaika na kamera ilhali simu zimejaa kila mahali? Swali lako ni la haki, na dunia nzima imekwisha kulijibu kwa mifuko yake. Mwaka 2010 makampuni ya kamera ya Japani yalipeleka sokoni kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Simu imezila kamera ndogo kama mto mkubwa unavyomeza vijito. Kwa picha ya uso, ya darasa, au ya karatasi, simu yatosha. Kamera yenye lenzi ndefu imebakiwa na kazi yake moja, nayo ni umbali.

Tena si vibaya kukumbuka tulikotoka. Mfaransa Nicéphore Niépce, mnamo 1826 au 1827, alipata picha ya mapaa yaliyoonekana kutoka dirishani pake, na nuru ilihitaji saa nyingi kuichora. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak, Marekani, aliunda kamera ya dijitali yenye uzito wa kilo 3.6 hivi. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa katika utepe wa kaseti. Kamera yangu ina nukta milioni 20, mara 2,000 ya hizo, nayo huandika kabla hujapepesa jicho.

Sasa nikueleze jambo lililonifundisha kuliko kitabu cha maelekezo. Katika nchi ya Wagusii watu ni wengi na ardhi ni haba. Shamba la babu hugawiwa wana, na la wana hugawiwa wajukuu, hata fungu la mtu mmoja likawa kama utepe uteremkao kutoka barabarani mpaka mtoni. Hatua moja ya mpaka ni jambo zito. Ndugu wamenuniana kwayo mpaka kaburini. Jioni moja alinijia mzee wa ukoo wetu, ambaye kwa heshima namwita baba mdogo.

"Mwanangu," alisema, "nasikia chombo chako humwona nzi akijipangusa mbawa. Ndugu yangu wa ng'ambo anasogeza nepia za mpaka. Kesho alfajiri keti hapa kwako, umpige picha bila yeye kujua, nami nitaipeleka kwa chifu."

"Baba," nilimjibu, "nipe ruhusa nikuonyeshe neno moja kwanza."

Nilimwonyesha migomba miwili iliyokuwa upande wa pili wa bonde. Katika kioo cha kamera ilionekana imeota bega kwa bega, majani yake yakigusana. Kisha tukateremka, tukavuka, tukaipima kwa miguu. Kati ya mgomba na mgomba palikuwa na hatua 14.

Sababu yake ni nyepesi. Ukisimama hatua 300 kutoka kitu cha kwanza, cha pili kiko hatua 314. Tofauti hiyo ni ndogo katika umbali wote, basi vitu vyote viwili huonekana vya ukubwa mmoja na jicho huvidhani viko pamoja. Mtu aliyesimama shambani mwake, mbali na mpaka, angeonekana katika picha yangu amesimama juu ya mpaka wenyewe.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Kumbe mtu aweza kushitakiwa kwa picha ya kweli, naye hana hatia?"

"Naam, baba, aweza."

Tulikwenda siku nyingine mchana, ndugu wote wawili wakiwapo pamoja na wazee. Kamba ilinyooshwa, nami nikapiga picha kwa karibu, lenzi ikiwa imefunguliwa kwa upana wake wote, kila mtu akijua anapigwa. Ugomvi haukuisha siku ile, lakini hapana aliyeikana picha.

Tangu hapo nimeshika kanuni: nisimvute karibu mtu ambaye nisingethubutu kumkaribia kwa miguu. Sheria nayo inakubaliana na adabu hii. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, humlindia kila mtu faragha yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huihesabu picha imtambulishayo mtu kuwa ni habari yake binafsi. Mkenya mwenzetu Mohamed Amin, aliyefariki mwaka 1996, aliushitua ulimwengu mwaka 1984 kwa picha za njaa ya Ethiopia. Ili kuzipata alisafiri mpaka Korem, akasimama miongoni mwa wenye njaa wenyewe. Ukaribu wake ulikuwa wa miguu.

Basi, msomaji, ukijaliwa kupata kamera ya namna hii, itumie kwa mwezi, kwa ndege wa bondeni ambao ukiwasogelea wataruka, kwa radi juu ya vilima, na kwa mchezaji wa mpira aliye upande wa pili wa uwanja. Piga asubuhi au alasiri, kwa kuwa huku kwetu karibu na ikweta jua la saa sita hutia macho ya watu vivuli vyeusi. Ikinge na vumbi na unyevu. Na wakikujia watu kutaka ushahidi wa mbali, wapimie kwanza migomba miwili.