Rangi haizuii mvua



Mwezi wa tisa unaisha, na sisi wa Likasi tunajua kinachofuata. Mvua ikishaanza, tutakuwa nayo mpaka mwezi wa nne. Wengi wetu tunawaza mashamba na mbegu. Wiki hii tunaomba tuwaze pia maduka na depo za mjini tunazokodi kwa kazi zetu, hasa zile zisizo na mabati ya kuinama, zilizofunikwa kwa betoni bapa.

Mji wetu unazo nyumba za namna hiyo tangu ulipokuwa ukiitwa Jadotville. Betoni inapendwa, kwa sababu mwizi hawezi kuifunua kama bati. Ndiyo maana tulifurahi tulipopata vyumba 2 vya kuweka unga, karanga na vyerehani vya kikundi.

Masika ya kwanza, doa la rangi ya chai lilitokea kwenye plafoni, kubwa kama sahani. Tulimwambia mwenye nyumba siku ile ile. Akatuma kijana na ndoo ya rangi nyeupe, plafoni ikapendeza. Masika ya pili doa likatokea mahali pengine. Tukasema tena, tukaletewa rangi tena. Masika ya tatu hakuna tone lililoanguka sakafuni, lakini chumba kilinuka udongo mbichi na sindano za vyerehani zilishika kutu ndani ya kopo.

Hapo tukachanga pesa, tukamwita fundi wetu wenyewe. Alitoa ubao mmoja tu wa plafoni, na wote tukanyamaza. Mbao za juu zilikuwa nyeusi, zimeoza. Nyaya za umeme zilikuwa zimelowa. Vyuma vya ndani ya betoni vilionekana, vyekundu kwa kutu. Alipogonga kwa nyundo, sehemu moja ililia kama mtungi mtupu.

Alitueleza hivi. Maji yakiingia kwenye ufa wa paa bapa hayadondoki pale pale. Yanatembea ndani ya betoni, yanafuata chuma na waya, yanashuka ukutani, kisha yanatokea mita kadhaa mbali na tundu. Chuma kikishika kutu kinavimba, kinapasua betoni iliyokishika, na ufa mpya unaingiza maji zaidi. Basi doa tunaloliona ni la mwisho kufika. Ukilipaka rangi umeondoa shahidi, ugonjwa unabaki.

Ukuta ule ulikuwa pia umelowesha magunia tuliyopanga kando yake. Kwa nje yalikuwa makavu. Tulipoyafungua, unga ulikuwa umeganda na karanga zimeota kuvu ya kijani. Magunia 6, pesa ya likelemba ya mama 14. Tulibishana sana siku hiyo. Wengine walisema tuchague zilizo nzuri, tuzikaange, tuziuze kwa bei ya chini, maana kuna mama waliotegemea pesa ile kwa masomo ya watoto. Wengine walikataa. Kuvu ya karanga na mahindi inaweza kutoa sumu inayoharibu ini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yaliyoota kuvu yaliugúza watu 317, na 125 kati yao walifariki. Tulitupa yote, hata kuku hatukuwapa. Hasara ile tunailipa mpaka leo, kidogo kidogo kila Jumamosi.

Na si chakula tu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2009 kwamba unyevu na kuvu ndani ya nyumba vinahusiana na kikohozi na pumu. Mama mwenye mtoto mgongoni anayeshona mchana kutwa chini ya plafoni iliyooza hana budi kulijua hilo.

Kuna mji mdogo Kanada, Elliot Lake, uliojengwa kwa ajili ya migodi ya uraniamu, madini yale yale yaliyochimbwa hapa jirani yetu, Shinkolobwe. Jengo la maduka la mji huo lilifunguliwa mwaka 1980, na magari yaliegeshwa juu ya paa lake. Paa lilivuja tangu mwanzo. Wenye jengo walibadilika, viraka vikawekwa, watu wakazoea ndoo chini ya matone. Mwaka 2012 mhandisi mmoja alilikagua akasema ni imara. Wiki chache baadaye, tarehe 23 mwezi wa sita, sehemu ya paa ilianguka na kuua wanawake 2. Uchunguzi ulionyesha kwamba maji yenye chumvi yalikuwa yamekula chuma kwa miaka mingi.

Je, nani anapaswa kutengeneza? Sisi pia tulidhani mpangaji hana la kusema. Lakini Kongo iko katika OHADA tangu mwaka 2012, na sheria yake ya biashara, kifungu cha 106, inasema matengenezo makubwa, pamoja na ya paa, ni juu ya mwenye nyumba. Akikataa, kifungu cha 107 kinampa mpangaji njia ya kuomba mahakama imruhusu atengeneze kwa gharama ya mwenye nyumba. Sheria hiyo inahusu pia mapatano ya mdomo. Matunzo madogo ni yetu. Someni mkataba kabla ya kutia sahihi, maana wengine wanaandika humo kwamba paa ni kazi ya mpangaji.

Kabla ya mvua, fanyeni hivi:

Ombeni ruhusa, fundi apande juu. Aondoe majani na vumbi kwenye matundu ya kutolea maji. Maji ya sentimita 10 yakisimama juu ya paa la mita 5 kwa 8 yana uzito wa tani 4.

Fungueni ubao mmoja wa plafoni, hasa mahali palipopakwa rangi mpya.

Wekeni magunia juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha mkono mmoja.

Waya ukilowa, zimeni umeme kwanza, kisha muite fundi.

Piga picha ya kila doa, andika tarehe, peleka barua na ubaki na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea.

Sisi tulipeleka barua, na kifungu cha 106 ndani yake. Mwenye nyumba alikuja mwenyewe, akapanda ngazi, akakaa juu muda mrefu. Chumba cha kwanza kimetengenezwa: betoni mbovu imebanduliwa, vyuma vimesafishwa, lami mpya imemwagwa. Cha pili bado. Tumeondoa vyerehani humo, na mtoto haingii. Mwenye nyumba ameuliza kama apake rangi kwa sasa. Tumemjibu kwamba asubiri, tunataka kuliona doa.