Kosa na Bahati

Gari likipinduka, sisi tunasema upesi: Dereva afukuzwe! Gari lenye breki mbovu vilevile likifika salama, tunamsifu na kumlipa. Tumpime kwa kazi yake ao kwa bahati yake?

Tazameni jambo lililotokea London, karibu na stesheni ya Clapham Junction, tarehe 12 Desemba 1988. Asubuhi treni moja iligonga nyingine kwa nyuma, watu 35 wakafa. Taa ya njia haikuonyesha nyekundu ilipopaswa. Fundi mmoja alikuwa ametia nyaya mpya, akaacha waya wa zamani bila kuukata, nao ukagusa pasipo mahali pake.

Basi, wote wangesema: Fundi huyo ndiye mwenye kosa. Lakini waliochunguza waliona kwamba katika majuma 13 alikuwa amepumzika siku moja tu. Nyaya za zamani alizoea kuziacha hivyo, wala mkubwa hata mmoja hakumkataza. Kazi yake ilipaswa kukaguliwa na mtu mwingine, kuhesabu nyaya; haikukaguliwa. Siku zote zile za nyuma alipokea mshahara wake kama fundi mwema! Mwaka 1991 shirika la reli lenyewe lilihukumiwa kulipa faini ya paundi 250,000.

Kwetu sisi, dereva anafukuzwa leo, watoto wake wanalala njaa, na kesho kapita anaandika dereva mwingine. Breki ni zile zile.