Uzi wa Salfeti

Msimu ule, mwishoni mwa miaka ya 1990, nyuzi za katani zilichelewa kufika kijijini kwetu Urambo. Na tumbaku haingoji. Jani likishaiva lichumwe, lifungwe kwenye fito na kuingizwa banini kukaushwa kwa moto, ama likuozee mikononi. Baba mdogo alikusanya salfeti tupu za mbolea, akatuketisha watoto chini ya mwembe, tukaanza kuzifumua. Uzi wake ulikuwa bapa, mweupe, unang'aa. Ukiuvuta kwa nguvu unakukata kidole kabla haujakatika. Tulifungia majani ya bani zima.

Kwetu tumbaku ndiyo ilikuwa ada, dawa na bati la nyumba. Waingereza walifyeka pori la Urambo baada ya 1947 ili walime karanga. Karanga ziliposhindikana, tumbaku ikashika nafasi yake.

Moto wa bani huanza polepole, jani ligeuke manjano, kisha hupandishwa hadi nyuzijoto 70 hivi ili mshipa wa katikati ukauke. Plastiki ya salfeti, polipropilini, haiyeyuki mpaka joto lifike 160 hivi. Uzi ukatoka banini kama ulivyoingia. Tulipofungua fito, vipande vikabaki ndani ya majani, tukavishindilia humohumo kwenye mitumba.

Sokoni mteuzi wa tumbaku alichomoa fungu katikati ya mtumba wa kwanza, akalikung'uta juani. Akainua kitu kwa ncha za vidole.

"Mzee, hii ni plastiki."

"Ni uzi tu, mwanangu. Umepitiwa mmoja."

"Mmoja niliouona mimi."

Mitumba yote ikarudi nyumbani. Mama mdogo alikesha na koroboi akichambua jani moja moja, na majani mengi yalivunjika mikononi mwake. Mteuzi yule alikuwa na haki: kiwandani uzi hukatwakatwa pamoja na jani, na mwisho wake huungulia mdomoni mwa mvutaji. Lakini aliyechelewesha katani hakupoteza hata senti, na hilo linaniuma mpaka leo.

Plastiki yenyewe sina ugomvi nayo. Polipropilini hiyohiyo hutengenezwa nyuzi zenye tundu katikati, unene wake haufiki nusu milimita, zikapangwa kwa maelfu ndani ya mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji. Oksijeni hupita tunduni, damu hupita nje, na hewa ukaa huiacha damu kupitia ukuta wa uzi. Uzi usiooza una mahali pake, na hapo unaokoa watu.

Mahali pake si kwenye jani. Viongozi wa vyama vya msingi vya wakulima, leteni katani kabla jani halijaiva.