Herufi Tatu Kwenye Kadi

Kwa miaka mitatu kadi yangu ya kliniki ilikuwa na herufi ambazo hakuna mtu aliwahi kunieleza: LDL. Sista aliziandika kwa kalamu nyekundu, akasema "endelea hivyo hivyo," akaita mwingine. Nilidhani ni mambo yao ya ofisi.

Nilipimwa 2020, nikiwa mwaka wa pili chuoni. Muhula ule sikuumaliza. Nyumbani wanajua niliacha kwa sababu ya karo, na ni kweli karo ilikuwa shida, lakini pia nilikuwa nimeanza kuhesabu miaka iliyobaki. Hesabu hiyo ilikuwa ya uongo, na kwenye hiyo zahanati yetu ya Eastlands hakuna aliyenisahihisha. Dawa walikuwa nazo. Kidonge kimoja kwa siku, bila malipo, chenye dolutegravir, na nilikimeza kila usiku saa tatu kama mtu anayelipa deni.

Nilikuwa na mpenzi. Nilipomwambia, hakutoroka. Alitaka tu kujua kama siku moja tunaweza kupata mtoto, kwa hivyo tukaenda pamoja kumuuliza daktari. (Ni afisa wa kliniki, lakini mtaani kila mwenye koti jeupe ni daktari.) Hata hakufungua faili yangu. Akamtazama yeye: "Msichana mzuri hivi, mbona unajitafutia shida?" Mlango ulikuwa wazi. Benchi yote ilisikia.

Wiki tatu baadaye nilimwacha. Manze, nilidhani namwokoa.

Mwaka 2024 yule sista wa kalamu nyekundu alitumwa mafunzoni siku tatu. Aliporudi, aliniita ndani, akafunga mlango, akauliza kama najua maana ya LDL. Nikasema sijui. Akanieleza polepole: virusi ni vichache mno hata mashine haivioni, na mtu akikaa hivyo, akimeza dawa zake, hamwambukizi mpenzi wake kwa ngono. "Hata mimi sikuwa najua vizuri," akasema. "Nilisoma zamani, na hakuna aliyenirudisha darasani."

Aliniambia waliofundisha siku ya pili walikuwa watu wanaoishi na virusi. Walimkalisha kwenye benchi na faili mkononi, mwenzake akacheza daktari, mlango wazi, akaulizwa kwa sauti amelala na nani. Alijua ni mchezo, lakini alitamani ardhi immeze. Faili aliloshika lilikuwa tupu.

Usiku huo nilitafuta kwenye simu. Kuna utafiti unaoitwa HPTN 052, jozi 1,763 za wapenzi katika nchi tisa, Kisumu ikiwa mojawapo ya vituo. Matokeo ya mwisho yalitoka 2016: pale virusi vilipokuwa vimetulia kwa dawa, hakuna mpenzi aliyeonekana kuambukizwa na mwenzake. 2016! Mimi bado niko shule ya upili. Jibu lilikuwa limeshapita hapo Kisumu, na halikufika kwenye kile chumba chenye mlango wazi.

Nikamwandikia. Akajibu asubuhi: "Kwa hivyo daktari alitudanganya?"

"Hapana. Hakuwa anajua."

Aliusoma. Hakujibu tena.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, sista alikuwa kati ya wale ambao mishahara yao ilitoka huko. Aliondoka bila hata kuaga. Sisi tukahamishiwa foleni ya kawaida, pamoja na wenye homa na watoto wa kikohozi. Sina tatizo na foleni. Shida ni kwamba yale mafunzo ya siku tatu aliondoka nayo kichwani.

Mwezi uliopita nilihudumiwa na kijana wa rika langu, mpole kusema kweli. Akageuza kadi yangu, akasimama kwenye zile herufi nyekundu.

"Boss, hii LDL ndiyo nini?"

Nikainuka, nikafunga mlango, nikarudi kukaa.