Chumba cha Fungate Kitafutiwe Shahidi



Zamani fungate haikukatiwa tiketi. Zilikuwa siku saba ndani ya nyumba, bibi harusi akihudumiwa na somo yake, chakula kikiletwa mlangoni, na kila mtu akijua kwamba pale hapaingiwi ovyo. Siku hizi neno ni lile lile, ila limepanda boti. Maharusi wanasema, "Fungate tunakwenda kulia Zanzibar," na ile kazi ya somo ya kuangalia chumba kabla ya wenyewe kuingia imehamia kwenye simu.

Sisi wa Kikole mambo haya yametufikia pia. Kijiji chetu kiko upande wa bara wa wilaya ya Kilwa, mbali na mchanga wa pwani, na tunajulikana kwa mpingo zaidi kuliko kwa mahoteli. Lakini mabinti zetu wanaolewa Lindi, Dar es Salaam na Unguja, na hata kabla tarehe ya nikahi haijapangwa, picha zimeshazunguka: kitanda kilichomwagiwa maua, bwawa la kuogelea, bahari mlangoni. Kisha tunaulizwa, "Shangazi, hapa mnapaonaje?" Tumeona tujibu kwa pamoja.

Kwanza tujue tunashughulika na nani. Booking.com ilianza Uholanzi mwaka 1996, Airbnb ilianza San Francisco mwaka 2008, na zote mbili zinaonyesha vyumba visivyo vyao. Ni madalali. Udalali si kosa, na dalali mzuri anakuokolea miguu. Lakini dalali ana ujira wake. Kwa Booking.com kamisheni mara nyingi huwa karibu asilimia 15, na anayekatwa ni mwenye hoteli. Chumba cha shilingi 100,000 kinamwachia kama 85,000. Ndiyo maana ukimpata mwenye nyumba mwenyewe kwa simu, huenda akakupunguzia kidogo na bado akabaki na zaidi. Kuuliza si ujinga. Tena, kinachokaa juu kwenye orodha si lazima kiwe bora kuliko vyote. Kamisheni nayo inaweza kusaidia kukipandisha.

La pili ndilo linalotugusa zaidi. Picha inaonyesha bahari, haionyeshi stara. "Bwawa la faragha" laweza kuwa linatazamwa na roshani tatu za jirani. Chumba kizuri chaweza kuwa juu ya baa inayopiga muziki mpaka alfajiri. Jiko laweza kupika nyama ya nguruwe na kuku wako kwenye sufuria moja. Bibi harusi anayejisitiri akifika huko, fungate inageuka kifungo: siku nzima yumo ndani, pazia limeshushwa, na pesa imeshalipwa.

Dunia imeanza kuliona hitaji hili. HalalBooking, iliyoanzishwa mwaka 2009, inamwezesha msafiri kuchagua hoteli kwa mambo kama bwawa la wanawake peke yao, chakula halali na kutokuwepo pombe, na sehemu kubwa ya umaarufu wake imetokana na hoteli za Uturuki. Kampuni ya CrescentRating nayo hushirikiana na Mastercard kutoa orodha ya nchi zinazowafaa wasafiri Waislamu. Ni hatua njema. Lakini alama ya "halali" mtandaoni bado ni neno la mtu, na neno linataka shahidi.

Hapa Kikole jambo hili tunalielewa kutokana na msitu. Mwaka 2009, kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa mpingo lililoko Kilwa, kijiji chetu na jirani zetu wa Kisangi tulikuwa wa kwanza Afrika kupata cheti cha FSC kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Mnunuzi wa mbali, ambaye hajawahi kuuona mti wetu ukikatwa, anaweza kuamini kwamba umekatwa kwa utaratibu. Anaamini kwa sababu gani? Si kwa uzuri wa picha ya mpingo. Ni kwa sababu kuna mtu aliyeingia msituni kwa miguu yake, akakagua, akaandika alichokiona.

Chumba cha fungate nacho kinataka mtu wa namna hiyo. Nikahi yenyewe haifungwi bila mashahidi wawili. Chumba kitakachowapokea maharusi kinastahili walau mmoja. Tafuta dada aliyelala pale, si aliyepita nje. Umkose, soma maoni ya wageni, lakini acha nyota na soma maneno: nani anataja kelele, nani anataja jirani, nani anataja chakula. Pia tazama tarehe, maana sifa za miaka mitano nyuma huenda ni za mwenyeji mwingine. Na ukiiuliza programu ya akili mnemba ikupangie safari, jambo ambalo wengi sasa wanafanya, chukua jibu lake kama uvumi mpaka ulithibitishe. Programu hizo huweza kutaja hoteli isiyokuwepo kwa ufasaha ule ule wa kutaja iliyopo.

Kisha mpigie mwenyeji na umuulize waziwazi, bila haya: Bwawa linaonekana kutoka wapi? Pombe inauzwa hapo? Nyama inanunuliwa wapi? Anayeingia kusafisha chumba ni mwanamke au mwanamume? Akijibu kwa kuzungukazunguka, umeshajibiwa.

La tatu ni pesa, ambayo aghalabu imetokana na michango ya ndugu na jamaa. Bei ya chini kuliko zote mara nyingi ni ile isiyorudishwa ukiahirisha. Sisi wa kusini tuna sababu ya kuiogopa. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika hapa hapa Kilwa, likiwemo eneo la Somanga, na magari yakakwama. Mtandao haujui kwamba barabara yenu ni moja tu. Kama harusi ni ya masika, lipa zaidi kidogo upate ruhusa ya kufuta au kusogeza tarehe. Na ukishalipa, ukapokea ujumbe unaosema kadi yako imekataa, ulipe tena kwa kiungo fulani, usibonyeze. Matapeli wamewahi kuingia kwenye akaunti za mahoteli na kuwaandikia wageni kwa jina la hoteli yenyewe. Piga simu kwanza.

Wapo pia mabinti wanaotaja Umra kama mahari yao, na hao tunawaombea kheri. Tangu mwaka 2022 Saudi Arabia inatumia jukwaa la Nusuk, na humo ndimo unapoombea nafasi ya kuingia Rawdha. Mwaka huo huo ilitangazwa kwamba mwanamke anaweza kwenda Hija au Umra bila ya kulazimika kuwa na maharimu. Kwa bibi harusi anayekwenda na mumewe hilo si tatizo, lakini mama mjane anayetamani kwenda naye ajue kwamba kwa upande wa serikali ile mlango uko wazi. Hukumu ya dini amuulize shekhe wake.

Na kabla hujapanda boti, tazama na kwetu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji wake. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, na mwaka 2014 yalitolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Unachukua kibali Masoko, unavuka kwa chombo, na jioni umerudi. Nyumba za wageni zipo, ila nyingine hazionekani kwenye simu kabisa. Mwenyewe anajua kupika wali wa nazi, na adhana inasikika chumbani, ila hajawahi kupiga picha hata moja.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Mabinti, mkirudi kutoka fungate andikeni ukweli wa chumba mlicholala, uzuri wake na upungufu wake, ili mwenzenu anayefuata apate shahidi. Nanyi wenye nyumba za wageni huku kwetu, mwiteni kijana mwenye simu nzuri awapigie picha mchana, na chini ya picha hizo yaandikwe yale ambayo picha haiwezi kuyasema: hakuna pombe, ua umezungushiwa ukuta, kibla ni upande huu.

Mungu awajaalie maharusi mapenzi na huruma. Aamin.