Sahihi ya Baba

Baba yetu alipozidiwa na ugonjwa, tulimwita jirani msomi amwandikie wosia: kodi ya vyumba viwili iwalipie wadogo zetu shule, shangazi akiitunza. Jirani akaupiga chapa, Baba akatia sahihi. Baada ya maziko, baba mdogo aliupinga. Ndipo tulipojua kwamba Sheria ya Familia ya 1987 hudai wosia wa maandishi uwe na maandishi ya mkono wa mwenyewe, tarehe na sahihi, au ufanywe mbele ya notere au ofisa wa hali ya raia. Wosia ukaanguka, wadogo wawili wakaacha masomo. Jirani alikuwa mwema, lakini hakuwa na mamlaka. Vijana wapendwa, wazazi wangali wazima, tuwasindikize kwa mwenye mamlaka hayo.